Sindano ya homoni kwa ng'ombe wa malisho: jibu kwa mfugaji wa Kigamboni

Swali: Shikamoo daktari. Nina ng'ombe wanne wa maziwa hapa Kigamboni, njia ya kwenda Kimbiji. Ni chotara wa Friesian. Mchana wanachungwa kwenye eneo letu la ekari kama saba na pembeni ya barabara, na wakati wa kukamua nawapa pumba, kama kilo mbili kwa siku kila mmoja. Wakati wa masika walikuwa wananipa lita tisa mpaka kumi kila mmoja, sasa wameshuka mpaka tano. Mmoja amezaa wiki tatu zilizopita. Kuna kijana anauza dawa za mifugo, ameniletea sindano anasema ni homoni ya ukuaji, inatumika Marekani na Afrika Kusini, unachoma kila baada ya wiki mbili na maziwa yanaongezeka. Je, ni kweli? Nichome? Na wanangu pamoja na wateja wangu wanaokunywa haya maziwa hawatadhurika?

Jibu: Marahaba mama. Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote, ila naanza na la katikati kwa sababu sindano tayari iko nyumbani kwako. Usichome. Usiwachome ng'ombe hawa katika hali waliyo nayo sasa, na yule aliyezaa wiki tatu zilizopita usimguse kabisa. Sikukatazi kwa sababu neno homoni linatisha. Dawa hiyo ipo kweli na inafanya kazi kweli, lakini inafanya kazi kwa ng'ombe anayeishi maisha tofauti kabisa na ya hawa wako.

Homoni ya ukuaji, ambayo kwa jina la kitaalamu ni somatotropini, si kitu kigeni mwilini mwa ng'ombe. Inatengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na hapo ulipo kila ng'ombe wako anayo kwenye damu. Uhusiano wake na maziwa ulijulikana tangu 1937, pale watafiti wa Urusi ya Kisovieti walipowachoma ng'ombe maji yaliyotolewa kwenye tezi hizo na kuona maziwa yakipanda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza waliifikiria kama njia ya kupunguza uhaba wa maziwa, lakini tezi zilizopatikana machinjioni zilikuwa chache mno kwa kazi hiyo. Jambo likalala mpaka miaka ya 1980, uhandisi jeni ulipowezesha bakteria kuitengeneza kiwandani kwa wingi. Marekani iliiruhusu Novemba 1993, ikaanza kuuzwa Februari 1994 kwa jina la Posilac: miligramu 500 chini ya ngozi, kila siku 14. Afrika Kusini, Brazil na Mexico nako inatumika. Kwa hayo kijana wako amesema kweli.

Ambalo hakukueleza ni aina ya ng'ombe waliochomwa huko. Wale ni Holstein wa kilo 600 na zaidi, wanaotoa lita 30 na kuendelea, wanaokula horini chakula kilichopimwa na kuchanganywa na mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Ng'ombe wa namna hiyo akichomwa huongeza asilimia 10 hadi 15, yaani lita tatu mpaka tano kwa siku. Wanafunguliwa maji na mafeni, na maziwa yao yanapimwa kila mkamuo. Matangazo ya dawa yanabeba namba za ng'ombe hao, halafu namba hizo zinavuka bahari na kutua kwa ng'ombe anayekula majani makavu ya kando ya barabara.

Nikueleze sindano inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili mengine yote utayaona mwenyewe. Homoni hii haitengenezi maziwa. Inabadilisha mgawanyo wa chakula ambacho tayari kiko mwilini. Inayaambia mafuta ya mwili yaachie nishati. Inazuia nyama na mafuta visivute sukari nyingi kutoka kwenye damu, ili sukari iende kiweleni. Kisha inalifikia ini, nalo ini linatoa kichocheo cha pili kiitwacho IGF-1, na kwa njia hiyo seli za kiwele hufanya kazi zaidi na kudumu zaidi. Ndiyo maana faida yake kubwa huonekana baada ya kilele cha maziwa. Ng'ombe ambaye angeanza kushuka mwezi wa tatu au wa nne tangu kuzaa anashuka taratibu zaidi.

Sasa angalia mpangilio wa muda. Maziwa hupanda ndani ya siku chache tangu kuchoma. Hamu ya kula haipandi siku hizo hizo. Inakuja nyuma, baada ya wiki kadhaa. Katika kipindi hicho maziwa ya ziada yanalipwa kutoka mgongoni mwa ng'ombe mwenyewe, kwa mafuta aliyojiwekea. Mwenye akiba anavuka, chakula kinaongezeka, anajirudishia. Asiye na akiba, na ambaye hata hamu ikija chakula hakipo, huyo ndiye ninayemhofia.

Tena kuna jambo wauzaji hawalisemi. Ng'ombe mwenye njaa tayari ana homoni nyingi ya ukuaji kwenye damu, nyingi kuliko ng'ombe aliyeshiba. Ini lake ndilo limeacha kuitikia. Vipokezi vya homoni kwenye ini vimepungua, IGF-1 iko chini, na mwili umefanya hivyo kwa makusudi ili mnyama asijimalize kwa kutoa maziwa. Kumchoma homoni ng'ombe wa namna hiyo ni kufunga pampu kubwa kwenye kisima kilichokauka. Hali hiyo hiyo humpata ng'ombe aliyezaa karibuni, hata kama analishwa vizuri, kwa sababu wiki za mwanzo anatoa nishati nyingi kuliko anayoingiza. Ndiyo sababu hata huko Marekani maelekezo ya dawa yalitaka ianze wiki ya tisa hivi baada ya kuzaa, si kabla.

Tupige hesabu ya ng'ombe wako mmoja. Chukua ana kilo 400. Nishati ya chakula hupimwa kwa megajuli. Ili aishi tu, apumue, atembee kwenda malishoni na kurudi, anahitaji kama megajuli 50 kwa siku. Kila lita ya maziwa inahitaji kama 5 nyingine. Wakati wa masika majani machanga yanatoa kama megajuli 9 kwa kila kilo, ukiondoa maji yaliyomo, na akila kilo tisa kavu za majani hayo anapata 81. Pumba zako kilo mbili zinaongeza kama 21. Jumla 102. Toa 50 za kuishi, zinabaki 52, yaani lita kumi. Ndizo ulizokuwa unakamua.

Njoo kwenye kiangazi. Majani yamekomaa, yamekuwa mashina, kila kilo inatoa 7 tu, na kwa ugumu wake ng'ombe hawezi kula nyingi, tuseme nane. Hiyo ni 56. Ongeza 21 za pumba, unapata 77. Toa 50, zinabaki 27. Lita tano na kidogo. Makadirio haya ni ya jumla, kila ng'ombe ana tofauti yake, lakini unaona yanavyokutana na ndoo yako. Ng'ombe wako hawajapungukiwa homoni. Wametoa maziwa kulingana na walichokula, tena kwa uaminifu mkubwa.

Sindano ikiwalazimisha waongeze lita tatu, zinatakiwa megajuli 15 zaidi kila siku. Kama hazitoki horini zitatoka mwilini, na kwa hesabu hiyo ng'ombe atapoteza karibu nusu kilo ya mwili kwa siku, kilo 15 hivi kwa mwezi. Kwa kweli hatafika huko. Mwili utakataa kabla, na lita tatu ulizoahidiwa zitakuwa nusu lita ya wiki ya kwanza, kisha hakuna. Majaribio ya ng'ombe wa malisho yalionyesha jambo hilo: majani yakiwa mengi na laini, au wakiongezewa chakula cha nguvu, wanaitikia, majani yakipungua, ziada inayeyuka. Hata Zimbabwe dawa hii iliwahi kujaribiwa kwa ng'ombe wa kienyeji, chotara na wa kisasa, na matokeo yakachapishwa 1991, kwa hiyo wazo la kuitumia huku kwetu si geni. Ila New Zealand, nchi inayoishi kwa maziwa ya ng'ombe wa malisho, haijairuhusu hadi leo.

Halafu kuna joto, na hapa Dar es Salaam siwezi kulipita haraka. Kutengeneza maziwa kunazalisha joto mwilini, na kadiri maziwa yanavyoongezeka ndivyo joto la kutoa linavyoongezeka. Huko Arusha au Njombe usiku wa baridi unamsaidia ng'ombe kulitoa. Kigamboni, unyevu ukiwa umejaa hewani na usiku wenyewe una fukuto, halina pa kwenda. Fanya hivi leo: saa nane mchana nenda kasimame karibu na ng'ombe wako akiwa ametulia, angalia ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima ukitumia saa ya simu. Zikizidi pumzi 60 huyo tayari anateswa na joto. Ukimwona amefungua mdomo na udenda unatiririka, hali ni mbaya zaidi. Ng'ombe kama huyo huacha kula mchana na kusimama badala ya kulala, na maziwa yake hushuka. Kumuongezea mzigo wa joto kwa sindano ni kumuonea.

Magonjwa nayo. Mwaka 1998 Wakanada waliunda jopo la madaktari wa mifugo kupitia majaribio yote yaliyokuwepo. Walikuta kwa ng'ombe waliochomwa hatari ya ugonjwa wa kiwele imepanda kwa asilimia 25 hivi, ya kuchechemea kwa asilimia 55 hivi, na ya kutoshika mimba kwa asilimia 40 hivi. Canada ikaikataa dawa Januari 1999, na Umoja wa Ulaya, ambao ulikuwa umeisimamisha kwa muda tangu 1990, ukaifungia moja kwa moja kuanzia mwaka 2000. Sababu kubwa ya wote wawili ilikuwa afya na ustawi wa ng'ombe. Uchambuzi mwingine uliofuata, wa 2014, haukuona madhara makubwa kiasi hicho kwa dawa iliyoidhinishwa na kutumiwa kwa kufuata maelekezo, na ni haki nikuambie hivyo. Lakini hiyo ni kwa ng'ombe aliyeshiba na mwenye daktari jirani.

Kwako wewe namba inayoniogopesha zaidi ni ya mimba. Wafugaji wengi wa Kigamboni, Chanika na Bunju ninaokutana nao ng'ombe wao huzaa kila baada ya mwaka mmoja na nusu au karibu na hapo, kwa sababu ng'ombe aliyekonda haonyeshi joto, yaani dalili za kutaka dume, au anaonyesha usiku na hakuna aliyemwona. Hapo ndipo maziwa mengi ya Dar es Salaam yanapopotelea. Miezi sita ya kuchelewa kuzaa ni miezi sita ya kukamua lita mbili au kutokukamua kabisa, na ndama aliyechelewa. Hakuna sindano ya wiki mbili inayoweza kufidia hilo, na hii ikimkondesha itakuongezea hasara hiyo.

Nimalizie la Marekani. Huko kwenyewe matumizi yameshuka sana. Mwaka 2007 ni asilimia 17 tu ya ng'ombe wa maziwa waliokuwa wakichomwa, na mwaka uliofuata kampuni ya maduka makubwa ya Walmart ikatangaza kwamba maziwa ya chapa yake yatatoka kwa ng'ombe wasiochomwa, kwa sababu wateja hawakuyataka. Wakulima wengi waliacha maana viwanda vilikataa kununua.

Sasa wanao na wateja wako. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa homoni hii hayana sumu kwa mnywaji. Somatotropini ni protini, ikiingia tumboni inasagwa kama protini ya nyama au maharage. Ni kama ilivyo kwa insulini: mgonjwa wa kisukari lazima achomwe, hawezi kuinywa ikamsaidia. Zaidi ya hapo homoni ya ukuaji ya ng'ombe haifanyi kazi kwa binadamu hata ikichomwa. Katika miaka ya 1950 madaktari walijaribu kuwachoma watoto waliodumaa na haikuwakuza, ikabidi itafutwe ya binadamu. IGF-1 nayo ipo kwenye maziwa ya kila ng'ombe, na kwa aliyechomwa huweza kupanda kidogo, lakini kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na kile mwili wa binadamu unachojitengenezea kila siku. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo ilipitia suala hili 1998 na kuona hakuna haja hata ya kuweka kiwango cha juu. Hatari inayoweza kuwafikia wanao inapita njia ya pembeni: ng'ombe anaugua kiwele, anachomwa antibayotiki, na mfugaji anauza maziwa kabla ya siku za kusubiri kwisha.

Na kwa kuwa umeonyesha unawajali wanaokunywa, kuna mawili yanayostahili hofu yako kuliko homoni. La kwanza ni maziwa mabichi. Kutupa mimba kwa ng'ombe, yaani bruselosi, na kifua kikuu cha ng'ombe vinapita kwenye maziwa yasiyochemshwa, kwa hiyo mwambie kila mteja ayachemshe, na nyumbani kwako msinywe mabichi wala kugandisha mtindi wa maziwa mabichi. La pili ni pumba na mashudu yenye ukungu. Sumukuvu iliyo kwenye pumba za mahindi yaliyooza hupita mwilini mwa ng'ombe na kutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yenyewe. Gunia likinuka ukungu au likiwa na mabonge ya kijivu, usiseme "hizi ni za ng'ombe". Za ng'ombe wa maziwa ni za mtoto wako.

Turudi kwenye hiyo sindano uliyoletewa. Mimi kwanza ningetaka kujua ndani kuna nini. Hapa mjini watu wanachanganya dawa mbili. Kuna oksitosini, inayomfanya ng'ombe aachie maziwa yaliyokwisha tengenezwa kiweleni. Ukichoma, ndani ya dakika moja au mbili maziwa yanashuka, na muda mfupi baadaye nguvu yake imekwisha. Haiongezi utengenezaji wa maziwa, na ukiizoea ng'ombe hataachia tena bila sindano. Homoni ya ukuaji haifanyi hivyo, matokeo yake yanajengeka kwa siku kadhaa. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mfano wa ng'ombe aliyechomwa na papo hapo ndoo ikajaa, ameonyesha oksitosini, aite jina lolote atakalo.

Pili, homoni ya ukuaji inatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo. Iliyotembezwa kwenye begi kutoka Kariakoo, ikavuka na kivuko, ikakaa juani kwenye pikipiki mpaka Kimbiji, huenda ni protini iliyokwisha haribika. Tatu, dawa yoyote ya mifugo inayouzwa nchini lazima iwe imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Soma jina na namba ya toleo kwenye bomba, piga simu au nenda ofisini kwao uulize kama imesajiliwa. Kama bomba halina jina, halina tarehe ya mwisho, au maandishi ni ya lugha ambayo hata muuzaji haisomi, mrudishie na umweleze kwa nini. Bila uchungu, kijana anatafuta riziki, lakini asikufanye wewe na ng'ombe wako kuwa mahali pa kujaribia.

Utaniuliza, basi nifanye nini, maana lita tano haziendeshi nyumba. Fedha uliyotaka kuipeleka kwenye sindano ipeleke horini. Hesabu yetu ya juu ilionyesha pengo, na pengo hilo linazibika.

Anza kwa kupima majani. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mkaa au samaki, funga mzigo wa majani unaoletwa jioni, uupime. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 11 hadi 12 kavu kwa siku, na majani mabichi kama mabingobingo yana maji sehemu nne kwa tano, hivyo anahitaji kama kilo 60 mbichi kwa siku nzima. Wengi wakipima wanakuta mzigo wa jioni ni kilo 15 na machungani ng'ombe hakupata hata 20. Simama pia upande wa kushoto wa ng'ombe anaporudi, angalia pale nyuma ya ubavu wa mwisho, mbele ya nyonga. Pakiwa pamebonyea shimo ambalo ngumi yako inaingia, tumbo lake halikujaa siku hiyo.

Kwa ekari saba ulizo nazo, ekari moja au moja na nusu izungushie uzio, panda mabingobingo kwa samadi yako mwenyewe, mvua za vuli zikianza. Uyakate yakiwa na kimo cha mita moja hivi, usisubiri yawe miwa. Pembezoni mwa uzio panda lukina na gilirisidia. Majani ya miti hiyo yana protini nyingi na yanabaki mabichi kiangazi, wakati ule ambao majani ya kawaida protini yake inashuka chini ya asilimia 7 na wadudu wa tumboni wanaosaga chakula wanakosa nguvu. Lukina isizidi robo hivi ya chakula chote cha siku, ina sumu yake ikizidi. Na masika ijayo, majani yakiwa mengi kuliko uwezo wa ng'ombe, kata, katakata, nyunyizia molasi, shindilia kwenye mapipa au mifuko mizito ya nailoni mpaka hewa iishe, funga. Sileji hiyo ndiyo itakayokuvusha kiangazi cha mwakani.

Kwa sasa hivi, kabla ya hayo kuota, badili pumba. Pumba peke yake zina nishati lakini protini ni pungufu. Changanya kwa uzito pumba za mahindi sehemu saba na mashudu ya alizeti sehemu tatu, ongeza madini ya ng'ombe wa maziwa kulingana na maelekezo ya mfuko, na chumvi kidogo. Toka kilo mbili kwenda nne kwa siku, ukigawa asubuhi na jioni, lakini panda taratibu, nusu kilo kila baada ya siku mbili tatu. Angalia ndoo. Kwa kawaida kilo moja ya ziada inarudi lita moja au moja na nusu. Linganisha bei ya kilo hiyo na bei ya lita unayouza, ukiona haikulipi kwa ng'ombe fulani, kwa mfano aliye mwezi wa tisa wa kukamuliwa na mimba kubwa, simama. Kama unapata machicha ya bia kutoka mjini ni mazuri sana, ila kwa joto letu chukua ya siku mbili tatu tu, yakichacha yanaharibu tumbo.

Maji yasiwe ya zamu. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 hadi 80 kwa siku, zaidi kukiwa na joto kali, na maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87. Nimewaona ng'ombe wakinyweshwa mara moja jioni kwa sababu maji yananunuliwa kwa dumu, halafu mwenyewe anashangaa lita zinashuka. Weka pipa lililokatwa, kivulini, lijae muda wote. Kivuli kiwe cha makuti, kirefu kwenda juu, pande wazi ili upepo wa baharini upite. Watoke kuchungwa alfajiri, warudi saa nne jua linapokolea, watoke tena saa kumi, na majani ya kukata uwawekee usiku. Ng'ombe wa pwani anakula vizuri usiku.

Ingekuwa una ng'ombe wa lita 20, ameshiba, mgongo umejaa, amepita siku 60 tangu kuzaa na ameshathibitika ana mimba, hana historia ya kiwele, banda lina ubaridi, kumbukumbu zake ziko kwenye daftari, na daktari wa mifugo aliyesajiliwa akakuandikia dawa iliyosajiliwa, hapo tungekaa chini kuzungumza. Hata hapo ningekuuliza wateja wako wameambiwa.

Yule aliyezaa wiki tatu zilizopita ndiye mwenye maziwa yako ya mwaka huu, mpe kipaumbele kuliko wote. Anakaribia kilele, na kila lita unayoipata kwenye kilele inakuja na nyingine nyingi za miezi inayofuata. Huyu mpandishe chakula kwanza, mpe majani bora zaidi, asiende mbali kuchunga. Kila mkamuo kamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi uangalie mabonge au maji maji, na ukimaliza chovya chuchu dawa. Kuanzia siku ya 45 mwangalie asubuhi na usiku kama amekuja kwenye joto, na akija baada ya siku 60 muite mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, ndani ya saa 12.

Anza kesho daftari: jina la kila ng'ombe, tarehe ya kuzaa, lita za asubuhi na jioni, kilo za majani na za mchanganyiko. Jaza wiki mbili, kisha nitumie pamoja na hesabu ya pumzi za saa nane mchana, tuone ng'ombe gani aongezewe na yupi apunguziwe.